Maswali ya Wasomaji: Mchezaji wa Akiba Achukuliwe Lini?

Barua nne kati ya zilizotufikia kabla ya msimu kuanza zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Mtu anayecheza fantasi, yaani anayeunda kikosi chake mwenyewe kwa kutumia wachezaji halisi na kupata pointi kutokana na wanachofanya uwanjani, amchukue lini mchezaji wa akiba, na akubali kupoteza nini ili ampate? Barua tatu zinahusu Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo ndiyo inayobishaniwa katika maskani nyingi za Unguja na Pemba, na ya nne inahusu mpira wa Kimarekani. Barua zenyewe tumezifupisha.

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Mkoani, Pemba. Msimu uliopita niliweka benchi la uhakika, wachezaji wanne ambao wote huanza katika klabu zao, kwani wazee walisema akiba haiozi. Kila wiki benchi langu lilikusanya pointi ambazo hazikuhesabiwa, na msimu ukaisha nikiwa mkiani mwa ligi ya walimu wenzangu. Sasa benchi lina kazi gani?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Katika Fantasy Premier League akiba huoza, tena huoza kila wiki, kwa sababu pointi walizopata wachezaji wako wa benchi hazihamishiwi wiki inayofuata. Unapewa pauni milioni 100 za kununulia wachezaji 15, ambao ni makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, na wasizidi 3 kutoka klabu moja. Wanaohesabiwa ni 11 tu. Kila pauni uliyoiweka kwa wale wanne waliobaki umeiondoa kwa wale kumi na mmoja, na hapo ndipo wenzako walipokupita. Benchi la bei ya chini kabisa, lenye kipa na beki wa milioni 4 kila mmoja pamoja na kiungo na mshambuliaji wa milioni 4.5 kila mmoja, hugharimu milioni 17. Ukitumia milioni 22, zile tano za ziada ndizo zingekuwezesha kumbadilisha kiungo wa kawaida katika kikosi chako kwa kiungo ambaye wenzako wote wanamfanya nahodha, yaani yule ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili.

Hata hivyo, sikushauri uweke watu wanne wasiocheza kabisa. Ili ujue unahitaji wangapi wanaocheza, angalia namna mfumo unavyomwingiza mtu wa akiba. Haumwingizi kwa sababu mchezaji wako amecheza vibaya, bali kwa sababu hakukanyaga uwanjani hata dakika moja. Mchezaji wako akiingizwa dakika ya 89, atapata pointi 1 na mtu wa benchi atabaki benchi, hata kama huyo wa benchi amefunga mabao mawili. Pili, mfumo hufuata mpangilio ulioupanga mwenyewe, wa kwanza, wa pili na wa tatu, lakini hauruhusu kikosi kibaki na mabeki pungufu ya 3.

Kanuni hiyo ya mabeki 3 ndiyo inayowaumiza wengi bila kujua. Tuseme unacheza 3-4-3, yaani mabeki 3, viungo 4 na washambuliaji 3, na benchi lako, ukimwacha kipa, lina mabeki wawili na kiungo mmoja. Kiungo huyo ndiye mzuri, kwa hiyo umempanga wa kwanza, na mabeki wawili ni wale wa milioni 4 ambao makocha wao hawawatumii. Jumamosi beki wako mmoja anaachwa nje. Mfumo utamruka kiungo wako, kwa kuwa akiingia utabaki na mabeki 2, kisha utawaendea mabeki wako wa benchi na kukuta hawakucheza, na wewe utamaliza wiki na watu 10. Lakini kama ungekuwa unacheza 4-4-2, kiungo yule yule angeingia bila tabu na kikosi kikawa 3-5-2. Kwa hiyo anayependa mabeki watatu ni lazima awe na angalau beki mmoja wa benchi anayecheza kila wiki, na anayepanga mabeki wanne anaweza kuridhika na kiungo mmoja wa akiba aliye hai. Wawili wanaocheza wanatosha kwa sehemu kubwa ya msimu. Wa tatu na kipa wa pili wawe wa kujaza nafasi.

Sasa nije kwenye wakati, kwani umeuliza kazi ya benchi na kazi yake haifanani mwaka mzima. Agosti na Septemba makocha hubadilisha vikosi kwa nadra, hivyo benchi likae rahisi. Disemba mechi hubanana, klabu hucheza mara mbili ndani ya siku nne, na kwa kuwa dirisha la kubadilisha hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki, vikosi hutangazwa wakati huna tena la kufanya. Hapo ndipo beki wa milioni 4.5 anayeanza kila mechi anapokuwa na thamani kuliko jina lake. Huongezeka mambo pale Kombe la Mataifa ya Afrika linapoangukia kipindi hicho, kama lilivyofanyika Morocco kuanzia tarehe 21 Disemba 2025 hadi 18 Januari 2026. Waandaaji wa fantasi waliliona hilo na wakawajazia mameneja nafasi za kubadilisha wachezaji hadi 5, lakini aliyekuwa tayari na akiba wawili wazima alizitumia nafasi hizo kujenga kikosi, wakati mwenzake alizitumia kuziba mapengo.

Wakati wa mwisho ni ule wa chipu, yaani nyongeza maalumu, ya Bench Boost, ambayo huhesabu pointi za benchi zima kwa wiki moja. Tangu msimu wa 2025/26 hutolewa mara mbili, moja kwa kila nusu ya msimu. Usilijenge benchi miezi mitatu kabla kwa ajili ya wiki hiyo moja. Subiri wiki ambayo klabu kadhaa zina mechi mbili, tumia chipu ya Wildcard wiki moja kabla yake kupanga upya kikosi chote, benchi likiwemo, kisha tumia Bench Boost.

SWALI: Nipo Chake Chake, na ninacheza fantasi na wifi zangu. Je, nibadilishane makipa wawili wa bei ya wastani kila wiki kulingana na mpinzani, au ninunue mmoja mzuri na mwingine wa bure?

JIBU: Dada, nunua mmoja wa bei ya wastani anayecheza kila wiki, na wa pili awe wa bei ya chini kabisa. Kipa ndiye mchezaji anayebadilishwa kwa nadra kuliko wote, na mbadala wake anaweza kuwa kipa mwenzake tu, hivyo hawezi kukusaidia pengo lingine lolote. Kubahatisha kila Ijumaa nani kati ya wawili atamaliza bila kufungwa ni kujitafutia majuto. Ukipata kwa bei ile ile ya chini kipa wa pili wa klabu hiyo hiyo ya kipa wako, mchukue, kwani wa kwanza akiumia tayari unaye mrithi wake.

SWALI: Sisi ni vijana wanane wa maskani moja Mwanakwerekwe. Mwaka huu tumeacha mchezo wa bajeti na tunacheza ule wa Draft, ambao kila mchezaji humilikiwa na mtu mmoja tu katika ligi na tunachagua kwa zamu. Ubishi ni huu. Wengine wanasema ukimchukua mshambuliaji nyota ni lazima umchukue na mbadala wake wa klabu hiyo hiyo mapema, asije akanyakuliwa. Wengine wanasema akiba wachukuliwe raundi za mwisho. Nani mkweli? Na je, mchango wa shilingi elfu kumi kwa kila mtu ambao mshindi anachukua wote una ubaya?

JIBU: Hilo la mchango mkamuulize maalim wenu. Mimi si mtu wa kulijibu, ingawa nadhani mnalijua jibu lake, ndiyo maana mmeliweka mwisho wa barua.

Kuhusu ubishi, kila upande umeshika nusu, kwa sababu mmezungumza kuhusu akiba kama kwamba nafasi zote uwanjani ni sawa. Fanyeni hesabu kabla ya kubishana. Kila mmoja wenu anachukua wachezaji 15, kwa hiyo wanane mtachukua 120. Kati yao makipa ni 16, mabeki 40, viungo 40 na washambuliaji 24. Ligi ina klabu 20. Makipa wanaoanza ni 20, na nyinyi mnachukua 16, kwa hiyo hata mkimaliza kuchagua kutakuwa na makipa wanne wa kikosi cha kwanza wasio na mwenyewe. Mabeki wanaoanza ni zaidi ya 60, kwani hakuna klabu inayoanza na pungufu ya watatu, na nyinyi mnawataka 40. Viungo hali ni hiyo hiyo. Lakini klabu nyingi huanza na mshambuliaji mmoja wa kati, na mchezo huu huwahesabu wengi wanaocheza pembeni kuwa ni viungo. Nyinyi mnataka washambuliaji 24 wakati wanaoanza kwa uhakika hawafiki idadi hiyo, na watu wawili au watatu kati yenu watabaki na mtu asiyecheza.

Kwa hiyo akiba ya ushambuliaji huchukuliwa mapema na akiba ya nafasi nyingine huchukuliwa mwisho kabisa. Kwa wanane, mimi ningehakikisha nina washambuliaji wawili wanaoanza kabla raundi ya 7 haijaisha, na wa tatu nisimwache apite raundi ya 10. Kipa wa kwanza ningemngoja hadi raundi ya 11 au 12, na mabeki wa benchi wangekuwa wa raundi ya 13 na ya 14. Kipa wa pili ni wa raundi ya 15, na mwenye kumchukua kabla ya hapo ametupa zamu yake.

Sasa huyo mshambuliaji wa tatu awe nani? Mbadala wa nyota wako katika klabu kubwa, au mtu anayeanza kila wiki katika klabu inayopigania isishuke daraja? Wenzako wengi watamchukua wa klabu kubwa kwa sababu jina lake linatajwa sana redioni. Mimi ningemchukua yule wa klabu ndogo bila kufikiri mara mbili. Anayecheza dakika 60 au zaidi hupata pointi 2 kabla hajagusa mpira, na anayengoja hupata 1 akiingia, au hapati kitu. Tangu msimu wa 2022/23 klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zinaruhusiwa kubadilisha wachezaji 5 katika mechi, kwa hiyo mbadala wa klabu kubwa huingia mara kwa mara dakika ya 75 na kutoka na pointi yake moja, na wewe huwezi kumpanga wala huna moyo wa kumwacha.

Wapo mbadala wanaostahili kuchukuliwa mapema, na mfano wao ni Julián Álvarez alipokuwa Manchester City. Msimu wa 2023/24 ulipoanza wengi walimwona kuwa ni akiba ya Erling Haaland na hakuna zaidi. Kevin De Bruyne akaumia katika mechi ya kwanza kabisa ya msimu ule, huko Burnley, na hakurudi hadi Januari. Álvarez akaingia katika kikosi akicheza nyuma ya Haaland, na Disemba Haaland alipoumia mguu, akawa ndiye mshambuliaji mwenyewe. Alimaliza msimu akiwa amecheza mechi 36 za ligi na kufunga mabao 11. Aliyemchukua hakuhitaji kuomba Haaland aumie, kwani alikuwa na zaidi ya njia moja ya kuingia uwanjani. Mbadala wa namna hiyo, anayeweza kucheza nafasi mbili na ambaye kocha humtumia hata wote wakiwa wazima, anastahili raundi ya 8 au ya 9. Mbadala ambaye njia yake ni moja tu, yaani nyota avunjike, mwacheni abaki bila mwenyewe.

Nasema abaki kwa sababu mchezo wenyewe umeweka njia ya kumpata baadaye. Maombi ya wachezaji wasio na mwenyewe hushughulikiwa saa 24 kabla ya dirisha kufungwa, na aliye chini katika msimamo hupewa kipaumbele. Kubadilisha hakukatwi pointi, tofauti na ule mchezo wa bajeti ambao hukata pointi 4 kwa kila badiliko la ziada. Mechi ya kwanza ikichezwa Jumamosi saa 6:30 mchana wa Uingereza, dirisha hufungwa saa saba mchana wetu hadi mwishoni mwa Oktoba, kisha saa nane mchana Waingereza wanaporudisha saa zao nyuma. Kwa hiyo maombi yenu yawe yamekwisha kuingia kabla ya saa saba mchana wa Ijumaa, wakati ambao nusu ya maskani inatoka kuswali na simu zimezimwa. Aliyeyatuma usiku wa Alhamisi amewatangulia wote.

SWALI: Nipo Wete. Kaka yangu anaishi Marekani na amenitia katika ligi yao ya fantasi ya mpira wa Kimarekani, watu 12. Nimejifunza kanuni, na ninaupenda mchezo wenyewe. Wananiambia wakimbiaji ndio wanaoumia zaidi, na kwamba nikimchukua mkimbiaji nyota nimchukue na mbadala wake. Niwachukue akiba hawa raundi ya ngapi? Na awe mbadala wa mkimbiaji wangu au wa mtu mwingine?

JIBU: Wasomaji wasioufuatilia mchezo huu waelewe kwamba mkimbiaji ni yule anayepewa mpira mkononi na kukimbia nao kuwakabili watu wenye kilo zaidi ya mia. Kwa kawaida fantasi humpa pointi 1 kwa kila yadi 10 anazokimbia, na pointi 6 akiufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani. Kila timu hucheza mechi 17 ndani ya wiki 18, na mwili wa mkimbiaji hupigwa karibu kila anaposhika mpira. Akiumia, kazi yake mara nyingi humwangukia mtu mmoja, na mtu huyo hupanda kutoka pointi sifuri hadi kuwa miongoni mwa wakimbiaji wanaotegemewa na kila ligi. Hapa ndipo mchezo wao unapotofautiana na ule wa vijana wa Mwanakwerekwe. Kwao mbadala hugawana dakika na nyota kila wiki, na kwa Wamarekani mbadala anaweza kungoja wiki tano bila kitu, kisha wiki ya sita akabeba mpira mara 20.

Mifano ipo mingi. Mwaka 2018 Le'Veon Bell wa Pittsburgh Steelers aligombana na klabu yake kuhusu mkataba na hakucheza mechi hata moja msimu mzima. James Conner akachukua nafasi yake na kuteuliwa katika mchezo wa nyota wa ligi. Mwaka 2020 Christian McCaffrey, wakati huo akiwa Carolina Panthers, alicheza mechi 3 tu, na Mike Davis akabeba mzigo uliobaki. Mwaka 2023 Nick Chubb wa Cleveland Browns aliumia vibaya goti katika wiki ya pili, na Jerome Ford akawa mkimbiaji wao mkuu.

Lakini mfano ambao ningependa uukalie ni wa mwaka 2024. McCaffrey, aliyekuwa amehamia San Francisco 49ers, alikuwa ameongoza ligi nzima kwa yadi 1,459 msimu uliotangulia, na katika ligi nyingi za fantasi ndiye aliyechaguliwa wa kwanza kabisa. Saa chache kabla ya mechi yao ya ufunguzi dhidi ya New York Jets, klabu ilitangaza kwamba hachezi. Jordan Mason akaanza mahali pake, akabeba mpira mara 28 na kukimbia yadi 147. Aliyemchukua Mason katika raundi za mwisho alipata mkimbiaji mkuu kwa bei ya bure, na aliyemchukua McCaffrey peke yake alikaa mechi nane akimtazama benchi. Simulizi haikuishia hapo, kwani mwanzoni mwa Disemba McCaffrey na Mason wote wawili waliwekwa katika orodha ya majeruhi kwa siku zinazokaribiana, na kazi ikamwendea Isaac Guerendo, ambaye hakuna aliyekuwa akimfikiria wakati wa kuchagua. Anayedhani kwamba akimshika mbadala mmoja amejikinga na kila kitu akumbuke Disemba ile.

Raundi ya ngapi, basi? Katika ligi ya watu 12 yenye raundi 15 au 16, usimchukue mbadala wa kungoja kabla ya raundi ya 9. Raundi za 1 hadi 8 ni za watu ambao utawapanga wiki ya kwanza, pamoja na wapokeaji, yaani wanaodaka mpira unaorushwa, na wakimbiaji ambao wana kazi yao wenyewe kila wiki hata kama si kubwa. Hawa wa mwisho ndio ndugu zake Álvarez, kwani hupata mpira wote wakiwa wazima na hupata zaidi mwenzao akiumia, na wakionekana katika raundi ya 7 wachukue. Kuanzia raundi ya 9 au 10 hadi ya 13 ndio wakati wa mbadala wa kungoja, na hapo chukua wawili au watatu. Mpiga teke na safu ya ulinzi, ambayo huchukuliwa nzima kama mchezaji mmoja, viwe vya raundi mbili za mwisho.

Katika kuchagua mbadala yupi, mambo matatu yana uzito kuliko jina. Timu iwe na mashambulizi yenye nguvu, kwani mbadala katika timu inayofikia eneo la mwisho mara kwa mara atapata pointi za bure. Nafasi yake iwe wazi, yaani iwe inajulikana kwamba nyota akitoka yeye ndiye anayeingia. Timu ambayo kocha wake huwagawia mpira watu watatu haina mbadala wa kuchukua, kwa sababu mmoja akiumia kazi hugawanywa kwa wawili na hakuna anayenufaika. Na awe anajua kumlinda mrushaji mkuu, yule anayewarushia mpira wapokeaji, kwani mkimbiaji asiyeweza kuzuia hutolewa nje kila timu inapotaka kurusha. Jambo hilo la mwisho halionekani katika takwimu, na ndilo linaloamua kwa nini kijana mwenye mbio kuliko wote bado amekaa.

Swali lako la pili ndilo zuri zaidi. Wengi hujibu haraka kwamba uchukue mbadala wa mkimbiaji wako mwenyewe. Mimi nasema mwanzoni mwa msimu chukua mbadala wa wakimbiaji wa wenzako. Fikiria matokeo. Ukiwa na mbadala wako mwenyewe na nyota wako akaumia, umebaki pale ulipokuwa, tena pungufu kidogo. Ukiwa na mbadala wa mwenzako na nyota wa mwenzako akaumia, wewe una wakimbiaji wawili pamoja na mmoja mpya, na mwenzako hana mtu. Wa kwanza anakukinga, wa pili anakupandisha, na Septemba bado unatafuta kupanda. Kuna na jambo dogo ambalo husahauliwa. Kila timu ina wiki moja ya mapumziko katikati ya msimu, na nyota wako na mbadala wake wanapumzika wiki ile ile. Mbadala wako mwenyewe hatakuzibia pengo siku hiyo, na wa timu nyingine anaweza.

Novemba ikifika na ukiwa umekwisha kujihakikishia kuingia katika mchujo, ambao kwa kawaida huchezwa kati ya wiki ya 15 na ya 17, geuza mpango. Wakati huo huhitaji kupanda tena, unahitaji kisikuharibikie ulichonacho, na katika wiki za mchujo hakuna timu inayopumzika. Muache mbadala wa mwenzako na umtafute wa kwako.

Kuhusu saa, mechi za mwanzo za Jumapili huanza saa mbili usiku kwetu hadi mwanzoni mwa Novemba, kisha saa tatu usiku. Orodha ya wasiocheza hutolewa dakika 90 kabla, yaani saa kumi na mbili na nusu jioni, na baadaye saa moja na nusu usiku. Ukitoka kuswali Magharibi, au Isha kuanzia Novemba, tazama simu kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kwani mbadala anayeanza ghafla hujulikana katika dakika hizo.

Uchaguzi wenyewe wakiuweka saa mbili usiku wa Marekani ya mashariki, kwako itakuwa saa tisa usiku. Usiamini kwamba utaamka. Panga orodha yako mapema ndani ya programu, kwani ukilala itakuchagulia yenyewe kwa kufuata orodha iliyopo, na orodha ya kawaida haijui kwamba hutaki mrushaji wa pili kabla ya wakimbiaji wako wa kungoja. Washushe warushaji wa akiba hadi chini kabisa na uwapandishe wakimbiaji wanne au watano wa timu zenye nguvu hadi usawa wa raundi ya 10. Asubuhi angalia nani amebaki bila mwenyewe. Madai ya wachezaji hao kwa kawaida hushughulikiwa usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano kwa saa za kwao, na mwanzoni mwa msimu bado utamkuta angalau mbadala mmoja ambaye wenzako kumi na mmoja hawakumtazama.